Seifu Mjalidi na Picha Mbili za Gervasi

Pale Dongobesh, miaka ile bendera ya Mwingereza bado inapandishwa bomani Mbulu, ukitaka sukari ulikuwa na maduka manne ya kuchagua. Ukitaka sukari pamoja na mahubiri, ulikwenda kwa Seifu. Alikupimia robo yako, akavuta karatasi kuukuu ya kuifungia, na kabla hajaikunja alikueleza imetoka wapi, nani aliiandika, na kama ni ya kuaminiwa au ni ya kupoteza muda. Wewe una mtoto analia mgongoni na njia ndefu ya kurudi Tumati, na yeye anakuhutubia habari za karatasi. Watu walimcheka. Hata hivyo walirudi, maana kipimo chake kilikuwa cha haki.

Mazoea hayo hakuyaokota barabarani. Baba yake alitoka Kondoa na punda wawili wa chumvi, akafungua duka, na mwanawe alipofikisha miaka kumi na sita akampeleka pwani kwa mjomba aliyefanya kazi katika nyumba ya kuchapa vitabu. Seifu akakaa huko miaka tisa akiwa mjalidi, yaani mshona vitabu. Kiingereza alikijua kwa macho kabla ya masikio, kwa kuuliza kila neno lililopita chini ya sindano yake. Baba alipofariki alirudi kushika duka, akamwoa Hajira, binti wa mfanyabiashara wa Singida, mwanamke mwenye ulimi wa wembe na moyo wa siagi. Wateja wakaendelea kumwita Seifu Mjalidi, ingawa vitabu vya kushona hakuwa navyo tena.

Kila miezi miwili mitatu lori la Arusha lilimshushia robota la karatasi kuukuu za kufungia bidhaa. Wenye maduka wengine walikata kamba wakaanza kuzitumia. Seifu alikaa chini akazipanga mafungu matatu.

Fungu la kwanza aliliita la watu wote. Hayo ni magazeti yenye vichwa vya habari vinavyopiga kelele, mpira, arusi, chui aliyekula mbuzi wa nani, na wino unaobaki vidoleni. "Hili linataka ulinunue leo," alisema, "kesho halikujui." Fungu la pili ni la wenye kazi zao: bei ya ngozi, bei ya ngano, mashine mpya, na matangazo kila upande. Hilo aliliheshimu kwa bei, lakini si kwa sifa, kwa kuwa kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fungu la tatu ni la wasomi. Halina picha za kupendeza, halina haraka, jina la mwandishi lipo na mahali anapofanyia kazi, na chini ya kila ukurasa pana mstari, na chini ya mstari maneno madogo yanayoonyesha kila habari ilitolewa wapi. Karatasi za fungu hili hakuzifungia sukari. Alizitia kwenye kasha la mbao, na siku zisizo na wateja alizisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari.

Ila kabla ya kupanga alikuwa na desturi moja. Majalada yote aliyang'oa kwanza. Karatasi ya jalada ni ngumu, na msumari hauitoboi upesi, kwa hiyo majalada yalikwenda kwenye sanduku la misumari hata kabla ya kutazamwa. Desturi hiyo haikuwahi kumletea hasara.

Mwaka wa 1951 kijana mmoja wa Tumati, Gervasi, alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo, mrefu, na nusu ya sikio lake la kushoto haikuwepo: fisi alilikata alipokuwa mtoto, amelala na ndama. Aliacha mke, Kornelia, na kaka mkubwa, Nicodemo. Baada ya mwaka, mtu aliyerudi kutoka shambani akasema Gervasi alishikwa na maradhi yanayokondesha watu, akachukuliwa na gari kupelekwa hospitali, na baada ya hapo hakuonekana tena.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwa Wairaqw, watu wa Tumati, kifo hakiishii kwa aliyekufa. Mke aliyefiwa hukaa metimani: anatengwa, haingii nyumba ya mtu, hali katika chungu kimoja na wengine, hachoti maji pamoja nao, mpaka miezi yake iishe na atakaswe. Asipofanya hivyo, kifo kinamfuata kila anapoingia na kubaki huko. Kukaa metimani kwa mume aliye hai ni kumwita mauti. Kutokaa kwa mume aliyekufa ni kuyagawa mauti nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo Kornelia alitakiwa ajue, na hapakuwa na wa kumwambia.

Ikatokea kwamba mwanzoni mwa mwaka wa 1953, Seifu akipanga robota, alikuta kijitabu cha karatasi nzito, herufi ndogo, na mistari chini ya kurasa. Katikati palikuwa na picha mbili za mtu mmoja. Ya kwanza, mifupa mitupu, macho yamezama. Ya pili, mtu mwenye nyama, amesimama wima, kifua mbele. Sikio la kushoto nusu. Chini ya picha ya kwanza imeandikwa kabla ya dawa. Chini ya pili, baada ya dawa.

Seifu alimwita Hajira, Hajira akatazama, akaweka mkono mdomoni. Siku hiyohiyo walituma habari Tumati.

Nicodemo na Kornelia walikuja asubuhi iliyofuata. Kornelia alikuwa na miaka kama ishirini na sita. Alisema, "Shikamoo, Mzee Seifu," akasimama mlangoni, hakuingia, kama mtu ambaye tayari amekatazwa.

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Nicodemo aliitazama picha muda mrefu. "Ni yeye. Lakini wewe mwenyewe, Mzee, umetufundisha tusiamini kila karatasi. Hii ni ya fungu gani?"

"La wasomi," Seifu akajibu, na sauti yake ikanenepa kidogo, maana siku ya kuulizwa swali hilo kwa haja alikuwa ameingoja maisha yake yote. "Tazama mstari huu. Tazama maneno haya madogo. Watu wa namna hii hawaandiki neno bila shahidi. Mdogo wako aliugua, akapona."

"Unaapa?"

"Nimeshona vitabu miaka tisa, Nicodemo. Yuko hai."

Kornelia aliingia ndani ya duka. Alilia, akacheka, akala uji wa Hajira. Seifu akachukua mkasi, akaikata ile picha ya pili, ya mtu mwenye nyama, akampa. Aliiweka kifuani, ndani ya shuka, akaenda nayo kwao.

Gervasi hakurudi mwaka huo. Seifu alipopita Tumati kununua ngozi, Kornelia alimkaribisha kila mara, akampa maziwa kwenye kibuyu kilekile cha nyumba, na picha ilikuwa imebandikwa ukutani kwa ulimbo. Watu walimtembelea, naye aliwatembelea. Alisaidia kuzalisha, alivuna na majirani, alibeba watoto wa wenzake.

Kisha akaanza kuja dukani siku za ukungu.

"Nimemwona," alimwambia Hajira mara ya kwanza. "Mchana, kwenye kilima juu ya kisima. Amesimama ananitazama."

"Basi anakuja!"

"Haji, mama. Ananitazama, uso kwangu, lakini anakwenda. Anatembea kinyumenyume."

Mara ya pili alisema Gervasi amenenepa kuliko mara ya kwanza. Mara ya tatu alisema amenenepa zaidi na amekuwa kijana zaidi, na anacheka, na umbali kati yao umekuwa mkubwa. Alisema hayo kwa utulivu, kama anayehesabu mbuzi. Seifu akamweleza kwamba ukungu hufanya macho yaone yanachotaka. Lakini usiku Hajira alimwambia mumewe kwamba moto haushiki vizuri jikoni kwa Kornelia, na mbwa wa Tumati hawambwekei tena, yeye wala anayefuatana naye. Mbwa asiyembwekea mgeni ni mbwa mzembe. Mbwa asiyembwekea mtu yeyote anayetembea na Kornelia, hata mgeni, huyo ana sababu yake.

Mwaka wa 1954 ndama wanne walizaliwa wamekufa katika nyumba nne zinazofuatana. Mtoto mchanga wa jirani alilala akiwa mzima, asubuhi alikuwa baridi. Wazee wa Tumati walikaa, na maneno yao yakafika dukani pamoja na wateja: kuna kifo kinatembea hapa ambacho hakijatangazwa. Kinaingia kwa mguu na kinakula nasi. Waliuliza kila nyumba. Kornelia naye aliulizwa, akajibu kwa furaha kwamba kwake hakuna msiba, mume wake ni mzima, karatasi ya wasomi imesema. Wakamwacha.

Robota la mwezi wa saba lilikuja limelowa upande mmoja. Seifu akang'oa majalada, akapanga, na ndani ya fungu la tatu akafungua jarida la madaktari la miaka miwili nyuma. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na picha mbili za mtu mmoja.

Mtu mwenye nyama, amesimama wima, kifua mbele. Mtu wa mifupa, macho yamezama. Sikio la kushoto nusu.

Seifu alilipeleka jarida mlangoni penye mwanga. Zilikuwa picha zilezile, si za kufanana: kivuli kilekile ukutani, ufa uleule kwenye sakafu. Ila hapa mwenye nyama alikuwa wa kwanza. Chini yake imeandikwa: siku alipopokelewa. Chini ya yule wa mifupa: siku nne kabla ya kufa.

Alifungua kasha akatoa kile kijitabu cha zamani. Mahali alipokata picha palikuwa na tundu la mraba, na kupitia tundu hilo aliona kidole chake mwenyewe. Sasa ndipo alipofanya kazi iliyompasa kuifanya siku ya kwanza. Alisoma maneno madogo chini ya mstari, moja baada ya jingine. Yote, kila moja, yalimpeleka kwenye matoleo ya nyuma ya kijitabu hichohicho. Kilikuwa kinajitolea ushahidi chenyewe. Jina la mwandishi halikuwepo popote.

Akaenda kwenye sanduku la misumari. Akaimwaga misumari yote sakafuni, Hajira akaja mbio akidhani rafu imeanguka. Chini kabisa kulikuwa na majalada yaliyotandikwa, mengine na kutu. Mjalidi hasahau matundu ya mshono. Aliyapima majalada moja moja kwenye mgongo wa kijitabu, mpaka moja likakaa, tundu kwa tundu, pini kwa pini. Juu yake palikuwa na picha ya chupa ya dawa, jua likichomoza nyuma yake, na maneno kwamba nguvu zilizokwenda hurudi, na mahali pa kuagiza chupa kumi na mbili kwa bei ya kumi.

Lilikuwa fungu la pili. Muuza dawa alivaa nguo za msomi, akachukua picha za marehemu kwa madaktari, akazigeuza, akamtembeza Gervasi kutoka kaburini hadi kwenye afya. Na Seifu alikuwa amelivua jalada kwa mkono wake, akafungia misumari.

"Anatembea kinyumenyume," Hajira akanong'ona. Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya misumari. "Alituambia. Anakwenda kinyumenyume na ananenepa."

Kisha Hajira, ambaye alimpenda mumewe kuliko alivyoonyesha, akasema la mtu anayeogopa. "Ichome. Nani mwingine atasoma jarida hilo hapa? Ukisema, Kornelia ndiye aliyeua wale ndama na yule mtoto. Na wewe utakuwa nani? Hakuna atakayeamini hata mizani yako."

"Na nisiposema?"

Hajira akaanza kuokota misumari. Seifu alilala siku tatu na jarida chini ya mto, na kila siku alijiambia kwamba hafikirii juu ya heshima yake, anafikiria juu ya Kornelia. Siku ya nne alikiri moyoni kwamba ni uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikwisha kuanza kuumbua, nyumba kwa nyumba. Alifunga duka saa tatu ya asubuhi, ufunguo akampa Hajira.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina. Alipopita mto, aliona mtu mbele yake njiani, amemwelekea. Seifu alisalimu. Mtu hakuitikia. Seifu akaendelea kutembea ili wapishane, lakini hawakupishana, na ilimchukua muda kuelewa kwamba yule naye anatembea, uso kwake, mgongo mbele, kuelekea Tumati. Alikuwa mtu mwenye nyama na kifua kipana. Seifu alisoma kila dua aliyoijua. Kila kona mtu yule alikuwa mwembamba zaidi. Kwenye miti ya mikakaya shuka ilimning'inia. Kwenye kisima mashavu yalikuwa yamezama, na hatua zake zilikuwa za mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. Ukungu ukafunga, ukafungua, na njiani hapakuwa na mtu. Seifu alijilowesha uso kwa maji ya kisima, akatia funda kinywani, akakumbuka hayo ni maji ya watu wote na Kornelia huchota hapo, akayatema.

Nyumbani kwa Kornelia palijaa watu. Ilikuwa siku ya kulima kwa pamoja, na sasa walikuwa wamepumzika, wanakunywa pombe ya mtama kwenye vibuyu vinavyozunguka mkono kwa mkono. Nicodemo alikuwepo, na wazee watatu miongoni mwa waliouliza nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, Mzee Seifu!" Kornelia aliita, amebeba kibuyu. "Umekuja siku nzuri. Pita ndani."

"Marahaba. Siingii, mwanangu. Na wewe toka."

Alitoka. Seifu alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakampotea yote. Akafungua jarida ukurasa wa arobaini na moja, akamshikia. Kornelia alitazama picha mbili. Kusoma hakujua.

"Ipi ni ya mwisho?" aliuliza.

Seifu akaweka kidole juu ya mtu wa mifupa.

"Na ile ya ukutani kwangu?"

"Ni ya siku aliyoingia hospitali. Alikufa, Kornelia. Alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka wa hamsini na moja, kabla sijakuambia yuko hai. Karatasi ile ilikuwa ya muuza dawa. Niliitia fungu la wasomi kwa sababu jalada lake nilikwisha kuling'oa, na mashahidi wake sikuwafuata. Kosa ni langu, si lako. Nasema mbele ya wote."

Watu waliokuwa na vibuyu mikononi waliviweka chini, mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama vitu vya moto. Mwanamke mmoja alimchukua mtoto wake aliyekuwa amemshika Kornelia nguo. Kornelia aliona. Akaweka kibuyu chake chini naye, akatembea peke yake akapita zizi, akasimama upande wa pili, hatua kama ishirini, mahali asipoweza kumgusa mtu.

"Miaka miwili na nusu," mzee mmoja akasema. "Nimekula kwake mara ngapi."

"Sote," Nicodemo akasema. Alikuwa analia bila kujifuta. "Na wewe, Mzee Seifu. Umekunywa maziwa humu, ukarudi kupimia watu sukari."

"Najua. Duka nimelifunga. Nitakaa metimani miezi yote mtakayonihesabia." Hakuwa mtu wa dini yao wala wa kabila lao, na hapana aliyemwomba. Lakini alikaa kweli, miezi yote, Hajira akimpikia katika chungu chake peke yake na kumgombeza kutoka upande wa pili wa ua.

Kornelia akaita kutoka ng'ambo ya zizi. "Wamemwandika nini?"

"Habari za ugonjwa tu."

"Nisomee. Yote. Hakuna mtu aliyesema neno lolote juu yake alipozikwa. Hayo ndiyo yaliyopo."

Seifu akasimama uani, akasoma kwa sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili neno kwa neno.

"Mgonjwa namba nne, mwanamume wa miaka ipatayo thelathini."

"Gervasi," Kornelia akasema.

"Mgonjwa aliletwa kwa gari, akashuka akitembea mwenyewe."

"Gervasi alishuka akitembea mwenyewe."

Mara ya tatu Nicodemo alilitaja jina naye, na mara ya nne uwanja mzima. Kila Seifu aliposema mgonjwa, wao walisema Gervasi. Aliposoma kwamba mgonjwa hakujua Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu, Kornelia alimkatiza. "Alikijua. Walimuuliza vibaya." Seifu akatikisa kichwa kukubali, akaendelea.

"Siku ya kumi na tisa, mchana, mgonjwa aliomba maji."

"Gervasi aliomba maji," wakaitikia.

Seifu akafikia mstari wa kufa, lakini Kornelia akainua mkono.

"Ngoja. Walimpa?"

Seifu alitazama juu ya ukurasa, akatazama chini, akasoma maneno madogo yote chini ya mstari, akafungua ukurasa wa pili na kurudi. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomo. Kusema walimpa lilikuwa neno moja tu, na hakuna mtu Mbulu nzima ambaye angeweza kumbishia.

"Hawakuandika," alisema.

Kornelia alikaa chini kwenye majani, upande wa pili wa zizi, na Nicodemo akaanza kumhesabia miezi yake.